Weston Nako Kuna Abiria

Mwezi Aprili 2025, wakuu wa Metrolinx, shirika la umma liendeshalo treni ya haraka baina ya kituo kikuu cha Union mjini Toronto na uwanja wa ndege wa Pearson, walipitisha tadbiri ambayo katika makaratasi bila shaka ilipendeza: nusu ya treni zipite moja kwa moja, zisisimame katika vituo vya njiani vya Bloor na Weston, ili msafiri wa ndege apunguziwe dakika chache. Mkazi wa Weston, aliyezoea kupata treni kila baada ya dakika 15, akaambiwa angoje 30. Raia wakaghadhibika, malalamiko yakazagaa, na haukupita muda mrefu shirika likairejesha ratiba ya kwanza.

Naona kurejea huko kulikuwa ni insafu, wala si udhaifu. Treni hii ilipozinduliwa Juni 2015 iliwekewa nauli ya dola 27 na senti 50, kana kwamba kila apandaye ni tajiri anayelipiwa na kampuni yake. Mabehewa yakawa yanakwenda na kurudi karibu matupu, hata Machi 2016 nauli ikashushwa hadi dola 12, na 9 kwa mwenye kadi ya nauli iitwayo Presto, ndipo watu wakaja. Na waliokuja hawakuwa wenye masanduku peke yao, bali pia wafanyakazi waendao mjini kila siku, waliotambua kwamba kutoka Weston hadi Union, safari ambayo kwa basi ni taabu tupu, hapa ni robo saa hivi. Hao ndio walioistiri treni na aibu yake. Kuwapita sasa jukwaani, tena katika nchi yenye baridi kama ile, ni utovu wa shukrani.

Sikatai kwamba saa za msongamano mwenye mizigo na mtoto mkononi hupata dhiki. Lakini dhiki hiyo asili yake ni majukwaa yaliyojengwa kwa urefu wa mabehewa 3 tu, na kwa kimo kisichoafikiana na treni za abiria ziitwazo GO, zipitazo njia iyo hiyo, hata haiwezekani kuazima behewa kwa jirani. Wakuu wakitaka kweli kumfaa msafiri, na warefushe majukwaa hayo, kisha waitie njia umeme, madhali treni zenyewe zilisanifiwa tangu mwanzo ziweze kugeuzwa zitumie umeme badala ya dizeli.