Kihisi Chini ya Barafu na Deni Letu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tangu Katiba ya mwaka 2010 ikifanye Kiswahili lugha rasmi ya Kenya sambamba na Kiingereza, na UNESCO kuitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo mwaka 2021, sifa zimetiririka. Kila kongamano hukariri kwamba Kiswahili chaweza kubeba sayansi zote. Naikubali kauli hiyo. Ninacholalamikia ni kwamba tunaitetea kwa hotuba, nadra kwa maandishi ya sayansi yenyewe.

Mwanachama mwenzetu mmoja aliwahi kunieleza kuwa mwanafunzi wa fasihi hana haja ya kujisumbua na mitambo. Kazi hiyo tuwaachie wanaisimu na orodha zao za istilahi. Makala hii ni jibu langu kwake, na mfano wangu nimeutoa mbali makusudi.

Barafu ya milimani hailali tuli. Theluji hurundikana mwaka baada ya mwaka, ikashindiliwa na uzito wake yenyewe hadi ikawa barafu, nayo barafu huteremka polepole. Mwendo wa juu hupimika bila taabu kubwa. Fumbo liko chini kabisa, barafu inapokutana na mwamba, tope na maji. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Kirk Martinez na Jane Hart miongoni mwao, walianza kulichunguza fumbo hilo katika barafu ya Briksdalsbreen, nchini Norway. Mradi wao uliitwa Glacsweb. Walitoboa barafu kwa maji moto yenye shinikizo kubwa, wakashusha kifaa cha urefu wa sentimita 16 hivi, kisha wakaliacha tundu ligande. Huko chini kifaa kilisukumwa pamoja na mawe kana kwamba nacho ni jiwe, huku kikipima joto, shinikizo na namna kilivyoinama.

Waya ungekatwa na mwendo wa barafu. Kwa hiyo vipimo vilipanda kwa mawimbi ya redio hadi kituo kilichowekwa juu ya barafu, vikashuka bondeni, na hatimaye vikafika Southampton. Betri haikuweza kubadilishwa. Hivyo kifaa kililala muda mwingi na kuamka kwa muda mfupi tu. Wakati wa kiangazi, maji ya barafu iliyoyeyuka yaliyadhoofisha mawimbi, na mawasiliano yakawa bora zaidi majira ya baridi. Mnamo mwaka 2008 kazi ilihamia Skálafellsjökull, nchini Iceland. Huko ilibainika kwamba mwendo wa barafu si wa kasi moja: hukwama, kisha huteleza.

Sasa turejee kwa mwenzetu. Kifaa hiki tukiite nani? Wapo watakaopendekeza “sensa”, ilhali sensa tayari ni hesabu ya watu. Wengine watasema “kitambuzi”, lakini anayetambua sharti awe na ujuzi wa awali, na chombo hiki hakijui lolote, kinahisi tu. Mimi nachagua “kihisi”. Na barafu yenyewe je? Neno “barafu” pekee humpeleka msomaji kwenye bilauri ya sharubati. “Mto wa barafu” huenda likampotosha akafikiria maji, hata hivyo nalipendelea kwa sababu limebeba mwendo, na mwendo ndio kiini cha habari yote. Ama kuhusu mawasiliano yasiyo na waya, wazee wetu hawakushikwa na kigugumizi: waliyaita simu ya upepo.

Msomaji atambue kwamba nilichokuwa nikipima hapo ni sitiari: ipi inaangaza na ipi inapotosha. Hiyo si kazi ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi; ni somo lake la kila siku. Sipuuzi orodha za istilahi, kwani bila hizo kila mwandishi angejibunia lake. Lakini istilahi isiyowahi kuingia katika sentensi ni sawa na kihisi kilichokwisha betri: kiko mahali pake, ila hakuna anayekisikia.

Wala jambo hili si la Norway na Iceland pekee. Barafu ya Lewis katika Mlima Kenya imechorewa ramani na kupimwa mara nyingi tangu mwaka 1934, na sehemu yake kubwa imekwisha toweka. Vipimo hivyo aghalabu vimeandikwa kwa lugha za kigeni. Tusipojihimu, barafu ya mlima uliolipa taifa letu jina itakwisha kabla Kiswahili hakijaisimulia ipasavyo, na wajukuu wetu watayasoma maisha yake kwa tafsiri.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila toleo la jarida hili libebe makala moja ya sayansi, iandikwe na mmoja wetu na ikaguliwe na mwenzetu wa kitivo cha sayansi. Pili, wahadhiri wetu wazikubali makala za aina hiyo kama kazi za kozi, wazisahihishe kwa ukali uleule wanaoutumia kwa insha zetu za uhakiki. Tukilifanya hilo kwa miaka mitatu, hatutahitaji tena kuapa kongamanoni kwamba Kiswahili kinaweza. Tutafungua jarida na kuonyesha.