Mnabishana bunduki gani haikwami. Ulizeni risasi inaishia wapi

Watu wangu wa Kangemi, leo niko na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi nimekaa beisi karibu na steji, majamaa wakaanza ile stori ya kila siku: AK na G3, gani ni noma? Mmoja anasema AK unaizika kwa matope, unaitoa, unafyatua na inalia. Mwingine anasema hapana, G3 ikilia hata mtu wa ng'ambo ya barabara analala chini. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nikaangalia tu mahali tumekaa. Mabati nyuma, mabati juu, mabati pande zote. Hakuna hata mmoja aliuliza: risasi ikikosa mtu, inaenda wapi?

Nianze kwa kuwapa haki yao. Ubishi wa kukwama una msingi. AK iliingia jeshi la Umoja wa Kisovyeti 1949. Vyuma vyake vya ndani vimeachiwa nafasi, mchanga ukiingia bado vinateleza, na ganda la risasi yake limechongoka kidogo kuelekea mbele, kwa hivyo linatoka kwa chemba bila kung'ang'ana. G3 ni ya Ujerumani, jeshi lao liliichukua 1959. Chemba yake iko na mifereji midogo ambayo gesi inapitia ili ganda lisishike. Ndiyo maana ganda la G3 lina mistari kwa ubavu. Wamarekani nao waliaibika Vietnam na M16: baruti ilibadilishwa, chemba haikupakwa kromu, na askari wengi hawakupewa vifaa vya kuisafisha. Vijana wakafa wakiwa wameshika bunduki iliyokwama. Bunge lao likachunguza hiyo maneno 1967.

Sawa. Mwanajeshi bunduki ikikwama, amekwisha. Lakini hiyo ni shida ya mwanajeshi. Sisi hapa shida yetu ni kwamba haikwami.

Chuo sikumaliza, mnajua, lakini fizikia ya Form Three bado naikumbuka. Nguvu ya kitu kinachosonga ni nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Risasi ya G3 ina uzito wa gramu 9.5 hivi, na inatoka kwa mtutu ikienda karibu mita 800 kwa sekunde. Piga hesabu, utapata jouli 3,000 na kitu. AK ni gramu 8 hivi, mita 700 na kidogo kwa sekunde, kama jouli 2,000. Bastola ya kawaida ya milimita 9 ni kama jouli 500. Yaani G3 moja inabeba nguvu ya bastola sita. Na usiniambie askari alikuwa anapiga moja moja. Kila moja kati ya hizo moja moja ina hiyo nguvu yote.

Sasa chukua mabati ya keja yako. Gauge 30, haifiki hata nusu milimita. Hiyo kwa risasi ya G3 ni karatasi. Inapita ukuta wa jirani, inapita wako, inapita kabati ya vyombo, na bado iko na nguvu ya kuua. Ikirushwa juu ati ni ya kutisha watu, inaweza kufika zaidi ya kilomita tatu kabla ianguke. Pima kutoka daraja la Kangemi. Loresho iko ndani ya hiyo duara. Mountain View pia. Kwa hivyo na nyinyi wa nyuma ya geti, hii stori ni yenu.

Kuna kitu kingine. Risasi ya kijeshi imefunikwa shaba mbele yote. Tangu Azimio la Hague la 1899, majeshi yaliyakubali masharti ya kutotumia vitani risasi zinazofunguka ndani ya mwili. Sipingi hilo, na siombi polisi wapewe zile zinazofunguka. Nasema tu ujue matokeo yake: risasi hiyo mara nyingi haikai kwa mtu wa kwanza. Inapita, inaendelea, inatafuta wa pili. Vitani nyuma ya adui kuna adui mwingine. Kangemi nyuma ya kijana wa maandamano kuna mama anauza mboga.

Hii si nadharia. Agosti 2017, baada ya uchaguzi, mtoto msichana alipigwa risasi Mathare akicheza kwa balkoni. Machi 2020, siku za kwanza za kafyu ya korona, kijana wa miaka 13 akapigwa risasi Kiamaiko, na yeye akiwa kwa balkoni ya kwao. Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba, msichana wa miaka 12 alikuwa sebuleni kwao Ndumberi, Kiambu, anatazama TV. Risasi ikapita kwa paa. Siku hiyo zaidi ya watu 30 walikufa nchini. Hapa kwetu Kangemi pia watu walipigwa risasi, na kuna waliozikwa.

Kwa hivyo mtu asiniambie, "Kama hutaki risasi, kaa nyumbani." Mtoto wa Ndumberi alikuwa nyumbani.

Siku mbili baadaye, Julai 9, Rais Ruto akasema wanaochoma biashara za watu wapigwe risasi ya mguu, waende hospitali wakielekea kortini. Kuna watu walipiga makofi, wakaona hiyo ni huruma. Buda, kwa paja kuna mshipa mkubwa wa damu. Ukikatika, mtu anamaliza damu kwa dakika chache. Ambulensi ya kukufikia kwa hizo dakika, na Waiyaki Way imefungwa kwa matairi, itatoka wapi? Halafu mguu wa mtu anayekimbia, katikati ya umati, na moshi kila mahali, nani ataulenga? Askari akikosa, rudi kwa ile hesabu ya mabati.

Najua jibu linalokuja: "Majambazi wako na AK, unataka polisi wabebe rungu?" Kule Turkana, Baringo na Pokot, polisi wanakutana na watu wamejihami kikweli. Kule bunduki isiyokwama ni uhai wa askari, na sina neno. Wapewe nzuri kabisa. Lakini hiyo bunduki ya Kapedo inatafuta nini Kangemi, mbele ya vijana wamebeba bendera na chupa ya maji? Uingereza, hao hao waliotuachia polisi wa kikoloni, askari wao wa kawaida hawabebi bunduki hadi leo.

Na sheria tunayo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, Nyongeza ya Sita, inasema bunduki ni ya mwisho, njia zingine zikishindikana. Mtu akifa au akiumia vibaya, IPOA lazima ijulishwe. Duka likichomwa ni uchungu, najua, kuna marafiki wangu walipoteza stoki. Duka bado halijawa maisha ya mtu.

Kwa hivyo mimi nataka vitu vitatu, na mbunge yeyote akija hapa kuomba kura 2027 nitamuuliza nikirekodi.

Moja: bunduki za vita zitoke kwa kazi ya maandamano. Hakuna AK, hakuna G3 mbele ya umati.

Mbili: ripoti ya kila mtu aliyepigwa risasi iseme ilikuwa risasi ya aina gani, na itolewe kwa umma. Ganda lina alama ya kiwanda kwa kitako, na bunduki inaacha alama zake kwa ganda na kwa risasi. Hii kitu inafuatika.

Tatu: daftari la stoo ya silaha lifunguliwe kwa wachunguzi siku hiyo hiyo. Nani alichukua bunduki gani, alitoka na risasi ngapi, akarudi na ngapi. Risasi zingine zinatengenezwa hapa hapa kwetu, Eldoret. Mwenye kuzinunua ni mlipa ushuru, yaani wewe ukinunua unga. Una haki ya kuuliza zimeishia wapi.

Majamaa wa beisi, kesho tukikutana bado mtabishana, nawajua. Sawa tu. Lakini kabla hujasema gani ni noma, gonga yale mabati nyuma yako na kidole. Sikia venye yanalia.