Gari Linalolia Siku Zote

Upo mzaha wa kale wa madereva wa Land Rover kwamba gari lisilovuja ujue limeishiwa oili. Mzaha si kitu kibaya. Ubaya ni kwamba hapa kwetu Bariadi umegeuka kanuni. Asubuhi dereva huona doa jeusi chini ya gari, huongeza oili kidogo, kisha huondoka. Dashibodi ikigongagonga, huongeza sauti ya redio. Mlango ukilia, huchomeka karatasi iliyokunjwa. Ukimuuliza atakujibu, "Mzee, ndiyo kawaida yake."

Hiyo "kawaida" ndiyo ninayoipinga. Gari linalolia siku zote haliwezi kukuonya. Aliyezoea milio kumi isiyo na madhara hatausikia wa kumi na moja, ambao ni wa boliti ya usukani iliyolegea. Na penye doa la kila siku, nani atatambua tone jipya kwamba ni la mafuta ya breki? Abiria waliobanana katika Noah ya kwenda mnadani hawajui kwamba maisha yao yanategemea masikio yaliyokwisha kufa ganzi.

Wapo watakaosingizia barabara. Ni kweli, vumbi na makorongo ya Meatu na Itilima hulegeza kila kitu. Lakini lami imetoka Lamadi hadi Bariadi, ikaendelea Maswa, na magari bado yanalia juu ya lami hiyo! Mara nyingi chanzo ni mkono wa mtu. Dashibodi ilifunguliwa ili redio ifungwe. Kazi ilipokwisha, skrubu nne zikabaki kwenye kikopo, na hakuna aliyeuliza zilikuwa za wapi.

Kadhalika uvujaji. Fundi hupaka silikoni juu ya gasketi iliyochoka na kudai fedha yake. Silikoni ikizidi, vipande vyake huweza kukatika ndani na kuziba chujio la pampu ya oili. Tena, kipumulio cha injini kikiziba, mgandamizo wa ndani huisukuma oili ipite kwenye sili, hata ikiwa mpya. Utabadilisha sili tatu bila kupona, kumbe dawa ni kusafisha au kubadilisha kipumulio. Sisi tuliofundisha walimu tulikazania jambo moja: sahihisha pale kosa lilipoanzia, usifute jibu la mwisho tu.

Kutafuta chanzo hakuhitaji utajiri. Osha injini, endesha kidogo, kisha tandika boksi chini ya gari usiku. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Ya gia za otomatiki mara nyingi ni nyekundu. Kumbuka kwamba oili huteremka, na upepo huirudisha nyuma. Kwa hiyo tazama palipolowa juu kabisa, si pale linapodondoka tone. Kwa milio, mwingine aendeshe nawe ubonyeze plastiki moja baada ya nyingine hadi kelele inyamaze. Kipande cha sponji na skrubu iliyorudishwa mahali pake vyatosha mara nyingi.

Tena hasara si ya mwenye gari peke yake. Oili tunayoiacha chini ya miti ya mafundi huzolewa na mvua. Maji ya sehemu kubwa ya mkoa huu huteremka na mto Simiyu hadi Ziwa Victoria, ambako ndugu zetu wa Busega huvua samaki.

Mkokoteni wa ng'ombe ukilia, Msukuma hupaka grisi kwenye ekseli. Hapigi ngoma ili asiusikie. Basi, ndugu msomaji, zima redio leo, usikilize gari lako. Na fundi akikurudishia ufunguo, mdai na zile skrubu.