KWA WAZAZI NA WAALIMU: JUMAPILI YA MTOTO

Mwezi huu twataka kunena juu ya watoto na vijana wa parishi zetu za kando ya mji wa Dar es Salaam, upande wa Kinondoni na upande wa Temeke. Jambo hili hutajwa mara nyingi wakati wa matangazo, kisha husahauliwa kabla watu hawajafika nyumbani.

Yafaa kwanza tukumbuke asili yetu. Askofu Tozer alipofika Unguja mwaka 1864 hakupewa wazee wala wakuu wa nchi. Sultani Majid alimpa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa shule yake, nao walikuwa karibu kanisa lake zima. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Na mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani akalelewa na misheni hiyo hiyo, akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni ile. Hata Dayosisi ya Dar es Salaam ilipoundwa mwaka 1965, chini ya Askofu John Sepeku, mizizi yake ilikuwa kwa watoto wale. Basi mtu akituambia ya kuwa shule ya Jumapili ni njia ya kuwatoa watoto nje wasipige kelele wakati wa hotuba, twamwona hajui habari za kanisa lake mwenyewe.

Sasa tutazame hali ilivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 wilaya ya Temeke peke yake ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni 982,328. Katika nyumba hizo zilizobanana watoto ni wengi kama mchanga, wala si kweli ya kuwa hawapendi kuja kanisani. Walio wadogo huja wenyewe, tena mapema, wakishikana mikono njiani. Wanaopungua ni wale wa madarasa ya mtihani. Mtoto akifika darasa la saba huambiwa aende tuisheni: kwanza jioni, kisha Jumamosi, mwisho hata Jumapili asubuhi. Mwaka huo ndio mara nyingi ule ambao angeingia darasa la Kipaimara. Hukosa mwezi, hukosa miezi mitatu, mtihani huisha, naye harudi tena, kwa kuwa amekwisha kuona haya mbele ya wenzake waliomtangulia.

Hapa pana jambo la kutushangaza. Shule za Jumapili zilipata kuenea Uingereza tangu mwaka 1780 kwa juhudi ya Robert Raikes, mpiga chapa na mwenye gazeti wa mji wa Gloucester. Aliwaona watoto maskini waliofanya kazi viwandani siku sita, wasijue hata herufi moja; akawalipa wanawake kadhaa wawafundishe kusoma siku ya saba, siku waliyokuwa nayo tu. Yaani Jumapili ilitwaliwa ili mtoto aliyechoka apate kusoma. Kwetu leo mtoto husoma siku sita, naye amechoka kwa kusoma, na ile siku ya saba twamnyang'anya ili asome zaidi! Hatuushutumu mtihani. Mzazi wa Tandika au Mwananyamala anayetoa fedha ya tuisheni katika faida ya genge lake, huyo anampenda mtoto wake, wala asikemewe mimbarani. Lakini aulizwe kwa upole: je, mwalimu wa tuisheni hana saa nyingine? Mara nyingi anayo, ila hakuna mzazi aliyemwomba.

Tena kazi hii haikuwekwa juu ya mwalimu wa Jumapili peke yake. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 kilimwagiza padre mwenyewe awafundishe na kuwauliza watoto Katekisimo mbele ya watu, Jumapili na sikukuu, katikati ya Sala ya Jioni. Kikawaagiza baba na mama, na hata wenye watumishi na wanagenzi, wawalete. Yule anayeileta familia yake hadi mlangoni, akaiacha, akaenda zake sokoni Temeke Stereo, bado hajatimiza nusu ya agizo hilo.

Na mwalimu naye tumtazame. Mara nyingi ni binti aliyemaliza kidato cha nne, amepewa watoto hamsini chini ya mwembe, mkeka mmoja, na picha moja iliyofifia. Wa miaka minne wameketi pamoja na wa miaka kumi na miwili. Akisema na hawa, wale hulala. Tunawasihi wazee wa kanisa wawagawe hao watatu kwa uchache: wasiojua kusoma, wanaojua, na wa Kipaimara. Mwalimu apewe mwenzake, asikae peke yake na watoto, kwa usalama wao na wake pia. Awe na daftari la mahudhurio. Na jina likikosa alama Jumapili tatu, mtu aende nyumbani kuuliza habari. Daftari bila miguu halina kazi.

Vijana ndio wanaotupa mashaka zaidi. Katika parishi nyingi, kijana aliyekwisha Kipaimara huonyeshwa mlango mmoja tu, nao ni kwaya. Kwaya ni njema, twaipenda. Lakini asiyejua kuimba aende wapi? Na anayejua, akiambiwa alete fedha ya sare ambayo hana, atakaa nje akitazama kwa dirisha mpaka achoke kutazama. Tumewaona vijana wa bodaboda wakingoja abiria mbele ya ua wa kanisa walimobatizwa, wala hakuna aliyewaita ndani. Hao wanajua kila njia ya Mbagala. Ndio wangeweza kumfikishia mgonjwa chakula na kumleta bibi mzee kwenye ibada. Mwingine asome somo, mwingine atumikie altareni, mwingine amsaidie yule binti chini ya mwembe. Kijana hushikwa na kazi aliyokabidhiwa kwa jina lake, hasa asipokuwapo Jumapili moja akaona ya kuwa kazi ile imelala.

Juu ya saa ya kufundisha, twaona saa moja asubuhi, kabla ya ibada kubwa, yafaa kwa watoto wa madarasa ya mtihani, nusu saa tu, na kikombe cha uji kama akina mama wataweza. Parishi iliyo na ibada mbili huenda ikapenda saa nyingine. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaandika juu ya darasa la Kipaimara na mambo ya kufundisha wiki kwa wiki.