Mchezo ni wa Nani? Mshabiki, Chapa na Simulizi ya Mezani

Mshabiki anapoipa kisogo chapa aliyoitumikia kwa miaka 30 au 40, wenzake humwita msaliti. Lawama hii imesikika mara nyingi miongoni mwa wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa Kimarekani wa kuigiza mezani, na ilipamba moto tena Januari 2023. Makala haya yanashikilia kwamba lawama yenyewe haina mashiko. Anayelaumiwa, aghalabu, hajausaliti mchezo. Amebaini tu kwamba mchezo na jina lake ni vitu viwili, na kwamba muda wote huo alikuwa akilipia kimoja akidhani ananunua kingine.

Kwa msomaji asiyeufahamu, mchezo wenyewe hauna mshindi, wala haulazimu kuwa na ubao. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao ndiye mwendeshaji: hueleza mahali palivyo, sauti inayosikika gizani, adui aliyejibanza nyuma ya mlango. Waliosalia huwa wahusika, kila mmoja akitamka mhusika wake anatenda nini, na pale ambapo matokeo yana shaka hurushwa dadu, mashuhuri miongoni mwake likiwa lile la pande 20. Kisa kimoja huweza kuendelea kila juma kwa miaka kadhaa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hahitaji kuelezwa zaidi. Mwendeshaji ni fanani. Wachezaji ni hadhira, ila ni hadhira iliyoruhusiwa kumkatiza fanani na kuugeuza mkondo wa ngano. Utendaji wa jana haurudiwi leo, na hakuna matini iliyokamilika ambayo wote wanaifuata. (Hata majoka yamo, ingawa lile maarufu zaidi, Tiamat, lina vichwa vitano tu. Msomaji aliyelelewa kwa ngano za joka la vichwa saba ataona limepunjwa.)

Sanaa hii ya kinywa, hata hivyo, iliingia sokoni kwa umbo la kitabu. Mwaka wa 1974 kampuni changa ya TSR, katika mji mdogo wa Lake Geneva jimboni Wisconsin, ilichapa nakala 1,000 za kanuni zilizobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Kufikia mwaka wa 1979 Arneson alikuwa ameishtaki kampuni hiyo akidai haki yake ya uandishi. Mwaka wa 1985 Gygax mwenyewe alipokonywa usukani, akaondoka mwaka uliofuata. Ni bayana, basi, kwamba waliotengana na jina mwanzo kabisa ni wale wale waliolizaa. Mwaka wa 1997 TSR, ikiwa imeelemewa na madeni, ilinunuliwa na Wizards of the Coast. Mwaka wa 1999 Wizards nayo ikanunuliwa na Hasbro, kampuni kubwa ya vichezeo. Mshabiki aliyeanza mwaka wa 1983, na lile sanduku jekundu la wanagenzi, ameshuhudia jina alipendalo likipita katika mikono tofauti tofauti. Akisifiwa kuwa mtiifu, ni haki kuuliza: mtiifu kwa nani?

Swali hili lilipata jibu la ajabu kati ya mwaka wa 2008 na 2009. Wizards ilikuwa imetoa toleo la tatu la kanuni mwaka wa 2000 na kulirekebisha mwaka wa 2003. Mwaka wa 2008 ikatoa toleo la nne, lililobadilisha mambo mengi mno kiasi kwamba wachezaji wakongwe walishindwa kulitambua. Kampuni ndogo ya Paizo, ambayo hadi mwaka wa 2007 ilikuwa ikichapisha jarida la mchezo huo kwa leseni, ilizichukua kanuni za toleo la tatu, ikazitengeneza na kuzitoa mwaka wa 2009 kwa jina la Pathfinder. Wakongwe wengi walihamia huko. Hebu na ipimwe hali hiyo. Aliyebaki na jina alipewa kanuni ngeni; aliyezishika kanuni alizozizoea alilazimika kuliacha jina. Kila upande uliushutumu mwingine kwa ukengeushi, na kila upande ulikuwa na ushahidi.

Paizo iliwezaje kufanya hivyo bila kushtakiwa? Jibu limo katika hati fupi iliyotolewa mwaka wa 2000, Open Game License, iliyowaruhusu watu wote kutumia kiini cha kanuni katika vitabu vyao bila kulipa mrabaha. Wizards haikufanya hivyo kwa ukarimu mtupu. Ilikadiria kwamba visa vingi vilivyoandikwa na wengine vingeuza kitabu chake kikuu cha kanuni, na hesabu hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa zaidi ya miaka 20 waandishi na wachapishaji wadogo walijenga riziki zao juu ya hati hiyo.

Mwanzoni mwa Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ilivuja. Ilikusudia kuwatoza wachapishaji wenye mapato makubwa mrabaha wa asilimia 25 juu ya kila dola iliyozidi 750,000 kwa mwaka, na kutangaza kwamba leseni ya zamani haikuwa tena na idhini. Mzozo uliofuata unastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa semantiki. Leseni ya mwaka wa 2000 ilitamka kwamba ruhusa iliyotolewa ni ya daima. Haikutamka kwamba haibatiliki. Katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo hukaribiana mno hivi kwamba hakuna ambaye angejisumbua kuyatenga. Mbele ya wakili, ruhusa ya daima ni ile isiyowekewa tarehe ya kwisha, ilhali isiyobatilika ni ile ambayo hata aliyeitoa hana uwezo wa kuirudisha. Isitoshe, hati ilisema mtu angeweza kutumia toleo lolote la leseni “lililoidhinishwa”, na juu ya neno hilo moja kampuni ilitaka kusimamisha hoja yake yote. Ilhali kampuni hiyo hiyo, katika maelezo iliyoyatoa kwa umma miaka ya mwanzo, ilikuwa imewahakikishia watu kwamba hata leseni ikibadilishwa kwa namna wasiyoipenda, wangeweza kuendelea kutumia ile ya awali. Neno lilikuwa lile lile. Aliyelisoma ndiye aliyekuwa amebadilika.

Wateja walijitoa kwa wingi katika huduma ya mtandaoni ya kulipia, D&D Beyond. Paizo ilitangaza kwamba katika majuma mawili ilikuwa imeuza akiba ya vitabu ambayo kwa kawaida ingetosha miezi minane. Wizards ilipoomba maoni, zaidi ya watu 15,000 walijibu, na asilimia 89 kati yao hawakuridhishwa na hatua ya kuiondolea idhini leseni ya zamani. Tarehe 27 Januari kampuni ilisalimu amri, ikaiacha leseni ya mwaka wa 2000 ilivyo na kuziweka kanuni za msingi za toleo la tano, takriban kurasa 400, chini ya leseni ya Creative Commons ambayo haiwezi kuirudisha.

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo watetezi wengi wa mshabiki huyachanganya. Hasara iliyomkabili mchapishaji mdogo ilikuwa halisi: mishahara, mikataba, vitabu vilivyokwisha kupelekwa kiwandani. Uchungu wa mshabiki ulikuwa wa aina nyingine. Hakuna kipengele cha rasimu ile ambacho kingemzuia kuketi na jamaa zake Jumamosi na kurusha dadu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi kanuni za mchezo kama mbinu. Hulinda maneno na picha zinazozieleza. Kilichojeruhiwa kwake ni imani kwamba yeye na kampuni walikuwa wakikitunza kitu kimoja. Imani hiyo, kusema kweli, haikuwa na msingi tangu awali. Mwenye hisa anadai faida ya robo mwaka. Mchezaji anadai kisa kiendelee. Ni madai halali yote mawili, lakini hayalazimiki kukutana.

Wapo watakaopinga kwamba chapa ndiyo iliyouhifadhi mchezo: kama TSR isingenunuliwa mwaka wa 1997, huenda jina lote lingezama pamoja na madeni yake. Hoja hii ina uzito. Tena jina moja linalotambulika hufanya kazi ya lugha sanifu. Huwawezesha watu wasiojuana kuketi meza moja bila kujadiliana upya kuhusu kila kanuni. Toleo la tano, lililotoka mwaka wa 2014, liliwavuta vijana wengi ambao hawakuwa wamezaliwa lile sanduku jekundu lilipouzwa. Asiyekiri hayo hatendi haki. Walakini, kuhifadhi si kumiliki. Mchapishaji wa mkusanyiko wa ngano anastahili malipo ya kitabu chake, lakini hawezi kumdai bibi anayezisimulia jikoni.

Udhaifu wa mshabiki mkongwe uko kwingine. Wengi walioikimbia Wizards walienda moja kwa moja kuapa chini ya bendera ya pili: wakanunua rafu nzima ya vitabu vya Paizo, wakavaa fulana zake, wakaanza kuwadharau waliobaki. Huko ni kuhama nyumba ya kupanga na kuingia nyingine, huku mpangaji akijiona amejenga. Paizo nayo ni kampuni. Ilitoa toleo lake la pili mwaka wa 2019 na kuwataka wateja wake wanunue vitabu upya, kama ilivyo desturi ya biashara hiyo. Waliotambua zaidi ni wale ambao, hasa tangu kutoka kwa OSRIC mwaka wa 2006, walizifufua kanuni za kale na kuzigawa bure ili yeyote azitumie. Hao hawakutafuta bwana mwingine.

Mwaka wa 2024 Wizards ilitoa vitabu vya kanuni vilivyorekebishwa, na mwaka wa 2025 ikaziweka kanuni hizo za msingi nazo chini ya Creative Commons. Baadhi ya wakongwe walivinunua, wengine hawakuvigusa. Meza ya mkongwe wa namna hii huwa na mchanganyiko: kijitabu cha mwaka wa 1983 kilichochakaa, orodha ya mahasidi iliyotolewa katika Pathfinder, kanuni mbili tatu za toleo la tano, na daftari la mwendeshaji ambalo halikuchapishwa na yeyote. Jirani akiuliza wanacheza nini, bado hulitaja lile jina la mwaka wa 1974.