Filamu Tunazozidharau Ndizo Zinazotusema



Majira ya baridi yaliyopita jumuiya yetu ilikaa kikao kupanga jioni za filamu pale ukumbini, ili watu wakutane, watoto wasikie Kiswahili, na sisi tuliovuka miaka hamsini tupate pa kwenda wakati giza linapoingia saa kumi jioni. Tulipendekeza filamu chache za kubuni za kisayansi. Mzee mmoja tunayemheshimu sana akacheka, akasema: "Hayo mambo ya watoto, mwanangu. Maroboti na uongo mtupu. Tuleteeni picha ya watu wazima." Kikao kizima kikacheka naye. Tukaishia kutazama picha ya mapenzi ya saa tatu, na nusu ya ukumbi ikalala.

Hatukujibu siku ile, kwa sababu mkubwa hajibiwi mbele za watu. Lakini kalamu haina haya, na leo tunajibu. Tunasema kwamba ziko filamu za aina hii, zilizopita bila kelele na zisizojulikana na wengi wetu, ambazo zinaeleza maisha ya mhamiaji kwa ukweli kuliko nyingi za hizo tunazoziita picha za watu wazima. Tunazidharau kwa hasara yetu, na hasara kubwa zaidi ni ya watoto wetu.

Kwanza tuliweke sawa hilo neno uongo. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za majini na za Sungura, tuliokaa Majestic pale Unguja tukaangalia picha za Kihindi ambamo nyoka anageuka mwanamke, tena tukalia machozi, leo tumepata wapi ubavu wa kumwambia mtu kwamba roboti ni uongo? Kazi yetu ni uhandisi. Kabla daraja halijajengwa, mhandisi hulipakia mzigo kwenye karatasi, akaongeza na kuongeza, aone litakatika wapi. Mzigo ule haupo, lakini ufa unaoonekana ni wa kweli. Filamu nzuri ya kubuni ya kisayansi inafanya hivyo hivyo: inabadilisha jambo moja tu duniani, halafu inaangalia nani atavunjika kwanza. Na mara nyingi anayevunjika kwanza ni mtu kama sisi.

Tuanze na The Brother from Another Planet, ya John Sayles, ya mwaka 1984. Mtumwa mweusi ametoroka kutoka sayari nyingine, chombo chake kinaanguka kwenye bandari ya New York, naye anatokea Ellis Island, kisiwa walikopitia mamilioni ya wahamiaji. Akigusa kuta za jengo lile anasikia sauti za waliotangulia. Kisha anaingia Harlem. Hazungumzi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho, na Joe Morton anaigiza yote kwa macho tu. Watu wa baa moja wanampokea, wanamtafutia chumba, wanamtafutia kazi, na hakuna anayemdai karatasi. Wanaomwinda ni wanaume wawili weupe waliovaa nguo nyeusi. Ni filamu ya fedha kidogo, na umaskini wake unaonekana. Lakini ni nani kati yetu ambaye hakumbuki majuma yake ya kwanza ugenini, akitabasamu na kutikisa kichwa kwa sababu maneno hayajatosha? Tumetazama filamu nyingi zilizotengenezwa kwa mamilioni ambazo hazikuligusa jambo hilo.

Ya pili ni Sleep Dealer ya Alex Rivera, ya mwaka 2008. Memo ni kijana wa kijiji cha Oaxaca, Mexico. Kampuni imejenga bwawa, ikaweka ulinzi wa bunduki, na baba yake sasa ananunua kwa lita maji ya mto uleule uliokuwa ukinywesha shamba lake. Baba anauawa na ndege isiyo na rubani, na Memo anakwenda Tijuana kutafuta riziki. Mpaka wa Marekani umefungwa, lakini kazi haikufungwa. Anatobolewa mwili, anawekewa vishimo vya chuma, anaunganishwa kwa nyaya, na mikono yake iliyo Tijuana inaendesha roboti linalojenga jengo San Diego. Marekani inapata jasho lake bila kumpata yeye.

Huo ndio mnaouita uongo? Mwaka 2023 magazeti yaliandika habari za vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi machafu ya kila namna, ili mashine ya Marekani ifundishwe kuzungumza kwa adabu. Hawakuomba viza, hawakupanda ndege. Mikono na macho yao vilikwenda, wao wakabaki na ndoto mbaya. Sisi tulihama wazima wazima, tukaleta na kilio chetu na dua zetu na vyakula vyetu. Watoto wa ndugu zetu wanahamishwa mikono peke yake. Rivera aliliona hilo mapema, kwa filamu ambayo picha zake za kompyuta ni dhaifu, tunakubali, na ambayo kwa sababu hiyo watu waliipita kama wanavyompita fundi aliyevaa shati lililochakaa.

Gattaca ya Andrew Niccol, ya mwaka 1997, ilikuwa na waigizaji wakubwa, Ethan Hawke, Uma Thurman na Jude Law, na bado haikurudisha gharama zake sinemani. Ni dunia ambamo wenye uwezo huchagua vinasaba vya watoto wao kabla hawajazaliwa. Vincent alizaliwa hivihivi, na tone la damu aliyotolewa siku hiyo lilitabiri kwamba moyo wake utamwua akiwa na miaka kama thelathini. Anatamani kurushwa angani. Anaishia kufagia sakafu za wanaorushwa. Ndipo anapokodi jina la mtu mwingine, pamoja na damu yake, mkojo wake na unywele wake, na kila asubuhi anajisugua ngozi ili asiache alama ya nafsi yake mwenyewe mahali pa kazi.

Tusidanganyane. Ni jumuiya gani ya Waswahili ughaibuni isiyomjua mtu aliyewahi kufanya kazi kwa karatasi za mwenzake, akaitikia jina lisilo lake, akaogopa hata kuugua? Hatusifu jambo hilo. Tunasema tu kwamba ile hofu ya Vincent kila anapopita mlango wa ukaguzi tumeiona kwenye nyuso tunazozijua. Na kuhusu vinasaba, mwaka 2009 serikali ya hapa Uingereza ilianzisha majaribio ya kupima mate, nywele na kucha za waomba hifadhi waliosema wametoka Somalia, ili ibaini kama kweli ni wa huko au ni wa nchi jirani. Wanasayansi walipaza sauti kwamba mwili haujui mipaka ya nchi, na baadaye mpango ukaachwa. Lakini ulianzishwa, na filamu ilikuwa imekwisha kutuonya miaka kumi na miwili kabla.

Sasa tugeukie kwetu. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza Pumzi, filamu ya dakika kama ishirini hivi, yenye jina la Kiswahili. Maji yamekwisha baada ya Vita vya Maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo wao vinachujwa vikanywewa tena, na umeme wao wanauzalisha kwa miguu yao wenyewe kwenye mashine. Hata ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu, na anatoka nje kuutafuta mti. Kama wahandisi tuliipenda kwa sababu hesabu yake inalipa: kila tone linajulikana limetoka wapi na linakwenda wapi. Yeyote aliyewahi kubeba ndoo mgao wa maji ulipofika mtaani kwao atajua kwamba hiyo si sayari ya mbali.

Halafu ipo Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, ya mwaka 2021, iliyopigwa Rwanda na yenye kisa cha Burundi. Wachimbaji wa koltani wanachimba, mmoja anauawa, ndugu yake anakimbia, na wakimbizi wanakutana milimani na kuanza kudukua mitambo ya dunia. Ni filamu ya nyimbo, na ndani yake mnasikika Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa, Kiingereza, na Kiswahili pia. Koltani ndiyo inayotoa tantalamu, na tantalamu inatiwa kwenye vikapasita vidogo vilivyomo ndani ya simu zetu.

Ilinganisheni na Avatar ya mwaka 2009, iliyoingiza fedha nyingi kuliko filamu zote duniani. Nayo inahusu machimbo na wenyeji wanaofukuzwa kwenye ardhi yao. Lakini wenyeji wake ni wa buluu, wanaishi mbali angani, na shujaa wao ni askari mgeni aliyevaa mwili wao. Dunia ilimlilia mtu wa buluu ambaye hayupo. Mchimbaji wa Maziwa Makuu, ambaye yupo, tena anaimba kwa lugha tunayoielewa, wangapi wetu tumemtazama?

Tuna jambo la kukiri. Miaka mingi iliyopita tulikaa meza moja na watu waliokuwa wakibuni mfumo wa kuhesabu dakika za wafagiaji wa jengo moja kubwa: nani kasimama, nani kachelewa chooni. Tulichora sehemu yetu, tukalipwa, hatukuuliza kitu. Baadhi ya wafagiaji wale walikuwa watu tunaosalimiana nao kwa Kiswahili. Hapo ndipo tulipojua kwamba chuo kilitufundisha kupakia mzigo kwenye daraja, lakini hakikutufundisha kuupakia kwa binadamu. Watoto wetu wanasoma uhandisi na kompyuta katika vyuo vya huku. Kesho wao ndio watakaopewa kazi ya kuchora vile vishimo vya chuma vya Tijuana. Tukiwaachia filamu za milipuko peke yake, watavichora vizuri sana.

Na kwako mzee wetu, kwa heshima zote, tunaongeza moja. Marehemu Souleymane Cissé wa Mali alitengeneza Yeelen mwaka 1987, filamu ya uchawi ya Wabambara, ikapata Tuzo ya Majaji kule Cannes. Inahusu baba mwenye elimu kubwa ya siri anayemwinda mwanawe wa kumzaa, kwa kuwa hataki kijana awe na elimu ile. Mwisho wake hatuutaji hapa, ila tunasema haukumfaa baba.

Basi tunaomba Jumamosi moja tu. Mashine ya kuonyeshea ipo, ukumbi upo, kahawa na kashata tutaleta sisi. Tutaanza na Pumzi, kwa kuwa ni fupi, na kiti cha mbele ni chako. Ukisinzia kabla Asha hajatoka nje ya lile jengo, tutanyamaza mwaka mzima, na mapenzi ya saa tatu yaendelee.