Studio za Yahuma: kabla ya mikseri mpya, watafute kimya

YAHUMA – Kila mara mwenye studio ya nyumbani hapa Yahuma anapopata pesa kidogo, labda baada ya kurekodi kwaya ya parokia au tangazo la mgombea, wazo la kwanza huwa lile lile: kupanda Kisangani kununua mikseri kubwa zaidi. Anarudi nayo ikiwa imefungwa kwenye plastiki ili mvua ya njiani isiiharibu. Ina vifungo vingi, ina taa za kijani na nyekundu, na majirani wanakuja kuitazama. Juma linalofuata anarekodi. Sauti inayotoka ni ile ile ya mwaka jana: jenereta inanguruma chini, jogoo anawika juu, na mwimbaji yuko katikati kama mtu anayeimba ndani ya pipa.

Pesa imekwenda mahali pasipouma.

Vijana wenye studio hizi wanastahili heshima. Wengi walijifunza wenyewe, kwa simu na kwa kukaa karibu na rafiki anayejua, na bila wao nyimbo nyingi za teritware hii zisingesikika hata kwenye simu za wenyewe. Lakini namna wanavyotumia dola zao chache inafaa kujadiliwa wazi, maana dola hizo si rahisi kurudi. Kwaya inalipa nusu leo na nusu baada ya mavuno. Mwingine analeta bidoni ya mafuta ya mawese badala ya faranga. Mtu anayekusanya hivyo kwa mwaka mzima hana ruhusa ya kukosea kununua.

Ugonjwa wa kwanza wa studio ya Yahuma ni umeme. Waya za SNEL hazifiki hapa, na hata Kisangani, ambako kuna bwawa la mto Tshopo, watu wanajua maana ya kukaa gizani. Kwa hiyo studio inaishi kwa jenereta ndogo ya esansi, na jenereta hiyo mara nyingi iko nyuma ya ukuta, hatua nne au tano kutoka kwa mikro, kwa kuogopa wezi. Mngurumo wake ni sauti nzito, na sauti nzito inapita ukuta wa udongo bila kubisha hodi. Ikishaingia kwenye rekodi haitoki tena. Programu za kusafisha sauti zipo, ndiyo, lakini zinapofuta mngurumo zinakula pia kifua cha mwimbaji, na soprano wa parokia anabaki na sauti ya nzi.

Dawa yake ni ya zamani kuliko kompyuta. Hugh Tracey, yule mtafiti wa muziki aliyefika pande za Stanleyville mwaka 1952 akirekodi waimbaji na wapiga ngoma, alisafiri na jenereta yake mwenyewe. Aliivutia waya mrefu ili ibaki mbali na ngoma. Ni hilo tu. Miaka zaidi ya 50 baadaye, Vincent Kenis aliporekodi Staff Benda Bilili kwa albamu yao ya 2009, kazi kubwa ilifanyika nje, kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa, kwa kompyuta ya kubebeka, mikro kadhaa na waya mrefu wa umeme uliovutwa kutoka mbali. Albamu hiyo ikazunguka Ulaya nzima. Hakukuwa na chumba chenye sponji ukutani.

Basi mita 50 za waya wa umeme, wenye unene wa kutosha usipate moto, na kibanda kidogo chenye kufuli mwisho wa kiwanja, vitafanya kazi ambayo mikseri ya vifungo 16 haiwezi. Kama wezi ni wengi, mtoto wa shangazi alale huko. Hilo nalo ni ajira.

Bora zaidi ni kuacha jenereta kabisa wakati wa kurekodi, na hapa hesabu si ngumu. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100 ina wati-saa 1200. Kama ni betri ya risasi, ile ya kawaida, itumiwe nusu tu ili isife mapema, yaani wati-saa 600. Kompyuta ya kubebeka, kadi ya sauti na spika mbili ndogo zinaweza kula wati 80 kwa pamoja. Ukitoa kile kinachopotea kwenye kigeuza umeme, unabaki na karibu saa sita za kazi bila kelele hata moja. Saa sita zinatosha kwaya nzima na chai katikati. Betri inajazwa na paneli ya jua mchana, au na jenereta wakati hakuna anayeimba. Mtu aliyezoea kununua esansi kila siku ya kazi atajua mwenyewe baada ya muda gani betri hiyo imejilipa.

Ugonjwa wa pili ni chumba, na hapa Yahuma ina bahati isiyoitambua. Kijana akipata pesa anaezeka mabati, kwa sababu mabati ni maendeleo. Kwa familia, sawa. Kwa studio, mabati ni msiba: mvua ya alasiri ikianza, kazi imekwisha mpaka kesho, na msimu mzuri wa mvua hapa si wa wiki mbili. Nyumba ya udongo yenye paa nene la majani inanyamazisha mvua, inabaki baridi, na haitoi mwangwi kama chumba cha sementi. Anayejenga studio na aiezeke majani bila aibu, aweke plastiki chini ya majani kama anaogopa kuvuja, na pesa ya mabati aipeleke kwenye betri.

Ndani, watu wengine wanatafuta trei za mayai za kubandika ukutani, kwa sababu waliziona kwenye picha. Trei hazizuii kelele ya nje hata kidogo, na mwangwi zinaupunguza kidogo sana. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji linafanya zaidi. Magunia yaliyojazwa matambara na kupangwa kwenye pembe mbili za chumba yanafanya zaidi tena. Vikwembe vizito vilivyokunjwa mara mbili na kutundikwa, mbali kidogo na ukuta, ni vizuri pia, na mama wa nyumba atavidai tu siku ya arusi.

Baada ya hapo ndipo mtu azungumzie mikro. Wauzaji wanasifu mikro za kondensa, zile zinazohitaji volti 48, kwa sababu zinasikia kila kitu. Hiyo ndiyo shida yenyewe. Katika kiwanja cha Yahuma, kusikia kila kitu maana yake ni kusikia kinu cha jirani, mbuzi, pikipiki na watoto wanaotoka shule. Unyevu wa msitu nao hauzipendi. Mikro ya dainamiki, kama Shure SM58 iliyopo tangu 1966, inaanguka chini na kuendelea kuimba, na inasikia zaidi kilicho karibu nayo. Ila SM58 za bandia ni nyingi sokoni, na bei ikiwa tamu mno mnunuzi aombe kuijaribu kwanza. Hata mikro ya dainamiki isiyo na jina kubwa, ikiwekwa vidole vinne kutoka mdomoni katika chumba kilichonyamaza, itashinda kondensa ya bei mara tatu iliyo karibu na jenereta.

Kadi ya sauti yenye matundu mawili inatosha. Kwaya ya watu 20 haihitaji mikro 20. Inahitaji mikro mbili, na mtu anayejua nani asogee mbele na nani arudi nyuma. Wendo Kolosoy na wenzake waliporekodi Léopoldville kwa Ngoma mwaka 1948, usawa ulitafutwa kwa miguu: mwenye sauti kubwa alisimama mbali. Programu isiwe kisingizio, maana Audacity ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta nzee.

Kuna hoja moja dhidi ya haya yote, na si ya kijinga. Wenye studio wanasema mteja anaamini macho. Akikuta chumba chenye magunia na mikro moja, atasema hapa si studio, atapanda Kisangani. Ni kweli, wapo. Lakini mteja huyo huyo anaporudi nyumbani, wimbo unasikilizwa na watu ambao hawakuiona studio. Wanasikia jenereta au hawaisikii. Na safari ya Kisangani kwa kwaya nzima, kwa pikipiki na kwa mto, chakula na malazi, ni mzigo ambao parokia nyingi zinaubeba mara moja katika miaka kadhaa. Mbinu ni rahisi: mteja mpya avishwe kaske masikioni kabla ya kuketi, asikilize rekodi moja iliyofanywa kwa betri. Mazungumzo ya bei yaanze baada ya hapo.

Kinachouma zaidi ni wazee. Pande hizi za mto zilijulikana duniani kwa ngoma zinazosema: John Carrington, aliyekuwa mmisionari Yakusu, aliandika kitabu juu yake, kikatoka 1949. Leo wanaoweza bado kupiga na kueleza maana ya kila pigo wanahesabika, na hawatapanda Kisangani. Akija mzee mmoja asubuhi na kukuta betri imekufa, au mvua kwenye bati, hakuna uhakika wa asubuhi nyingine. Sauti ya mzee huyo haipatikani kwa kununua mikseri mwaka ujao.

Na ikisharekodiwa, itunzwe. Hili ndilo studio nyingi zinalisahau kabisa. Rekodi ya ubora wa studio, ya biti 24, inakula karibu megabaiti 16 kwa dakika moja ya stereo. Diski ya kompyuta inajaa upesi, kijana anafuta za zamani kupata nafasi, na mwezi unaofuata kompyuta inaibiwa au inaungua na umeme mbaya. Diski ya nje ni ndogo kuliko kitabu cha nyimbo. Wenye studio, parokia na redio ya hapa wangeweza kuchangia diski mbili: moja ikae studio, nyingine redioni, zibadilishwe kila mwisho wa mwezi. Kwaya zinazotaka kurekodi kabla ya Noeli ndizo zingekuwa za kwanza kuingia humo, na hesabu ya mchango inaweza kufanywa Jumapili hii hii baada ya misa.